Supachaja Katika Injini Kongwe ya Volkswagen: Faida Yake, Gharama Yake na Hatari Yake

Gari dogo la Volkswagen, lile lenye mgongo wa kobe na injini iliyofungwa nyuma, halitengenezwi tena popote duniani. La mwisho lilitoka katika kiwanda cha Puebla, nchini Meksiko, tarehe 30 Julai 2003, yakiwa yamekwisha kutengenezwa magari zaidi ya 21,500,000 ya aina hiyo. Lakini chombo kilichoacha kutengenezwa si lazima kiwe kimeacha kufanya kazi. Wapo wanachama ambao bado wanayo magari hayo, na wapo waliorithi kwa wazee wao na hawana nia ya kuuza. Wazee wenye kumbukumbu wanajua kwamba gari hilo lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki zaidi ya mara moja, mara ya mwisho ikiwa mwaka 1962.

Sifa zake zinafahamika. Halina maji ya kupoza injini, kwa hiyo halichemki wala halipasuki rejeta. Vipuri vyake ni vichache na fundi wa kijijini hulifungua kwa spana za kawaida. Aibu yake nayo inafahamika: likikabili mlima mrefu likiwa na watu wanne na mizigo, huishia gia ya pili, na magari ya mizigo hulipita. Hapo ndipo mwenye gari huanza kusikiliza maneno ya mafundi, na katika miaka ya karibuni yapo maneno ya supachaja. Zimepatikana supachaja zilizotumika, zilizong'olewa katika magari ya Kijapani na ya Ulaya yaliyovunjwa, na bei yake si kubwa. Fundi husema kwamba ikifungwa moja tu, gari kongwe litapanda mlima kama kijana. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini ukweli huo una masharti, na asiyeyajua masharti hupoteza supachaja na injini kwa pamoja.

INJINI NA PUMZI YAKE

Nguvu ya injini ya petroli haitokani na petroli peke yake. Kila kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue vizuri. Kuongeza petroli ni kazi rahisi. Tundu la jeti ya kabureta likipanuliwa kidogo petroli huongezeka. Lililo gumu ni kuongeza hewa, kwa kuwa injini ya kawaida haisukumiwi hewa na kitu chochote. Pistoni ikishuka huacha nafasi tupu, na hewa ya nje huingia kwa uzito wake yenyewe.

Uzito huo wa hewa ndio uitwao kanieneo. Pwani, yaani usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni paundi 14.7 kwa kila inchi ya mraba. Kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Katika miinuko ya meta 1,700, ambayo ndiyo hali ya Mbeya na Nairobi kwa kukadiria, kanieneo hushuka hadi paundi 12 hivi. Maana yake ni kwamba gari lililokuwa na nguvu za farasi 50 Tanga au Mombasa, huko juu hubaki na 40 na ushei tu, bila ya kuharibika kitu chochote. Mwenye gari hulaumu plagi, hulaumu petroli, pengine humlaumu fundi, kumbe injini inatweta kwa upungufu wa hewa kama mtu wa pwani aliyepandishwa Kilimanjaro kwa siku moja.

Supachaja ni pampu ya kushindilia hewa. Huzungushwa na injini yenyewe kwa mkanda, nayo huvuta hewa kutoka nje na kuisukuma ndani ya silinda ikiwa imebanwa. Hewa ikiwa nyingi, petroli nayo huweza kuongezwa, na nguvu hupatikana. Haifai kuichanganya na turbo, ambayo hufanya kazi hiyohiyo lakini huzungushwa na moshi utokao katika injini. Turbo huhitaji mabomba ya moshi yaliyoundwa upya na oili ya kuilainisha kutoka katika injini, na joto lake ni kubwa zaidi. Kwa mtu wa kipato cha kawaida mwenye injini ya kupozwa kwa hewa, supachaja ndiyo njia nyepesi.

Jambo hili si geni. Ndugu wawili wa Marekani, Philander na Francis Roots, walipata hataza ya pampu ya hewa yenye rota mbili zinazopishana mwaka 1860, na pampu hiyo ikatumika kupulizia matanuri ya kuyeyushia chuma kabla ya kuwako motokaa. Supachaja nyingi zinazopatikana leo ni watoto wa pampu hiyo. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Judson, ya jimbo la Pennsylvania, ilikuwa ikiuza supachaja iliyotengenezwa mahsusi kwa Volkswagen, na mwenye gari aliweza kuifunga mwenyewe kwa spana. Hiyo haikuwa ya aina ya Roots. Ilikuwa na mapanga yanayoteleza ndani ya pipa, na ilihitaji kichupa cha oili cha kudondoshea mafuta ili mapanga yasikwaruze. Aliyesahau kujaza kichupa alijikuta ana pampu iliyokwama. Kisa cha kichupa hicho kingali na maana, kwa sababu karibu madhara yote ya supachaja huanzia katika kusahau jambo dogo.

HESABU YA PULI

Mafundi wengi huanza kwa kununua pampu na kutafuta mahali pa kuifunga. Kazi ingepasa ianze kwa kalamu na karatasi. Ichukuliwe injini ya Volkswagen ya 1600, ambayo ndiyo kubwa katika magari hayo madogo. Krenki ikizunguka mara moja, injini huvuta nusu ya ujazo wake, yaani lita 0.8, kwa kuwa kila silinda huvuta pumzi mara moja tu katika mizunguko miwili. Hiyo ni hesabu ya daftarini. Kwa vile njia za hewa za injini hiyo ni nyembamba na zina kona, hewa inayoingia kwa kweli ni kama robo tatu ya hiyo, lita 0.6.

Sasa itazamwe pampu. Supachaja ndogo ya Eaton iitwayo M45, iliyofungwa katika magari ya MINI Cooper S ya miaka ya mwanzo ya 2000, husukuma lita 0.74 kwa kila mzunguko wake. Sehemu kama moja ya sita huvuja na kurudi nyuma kati ya rota na pipa. Ikizungushwa sawasawa na krenki itatoa lita 0.62 hivi, na kwa kuwa injini tayari huvuta 0.6 kwa nguvu zake yenyewe, faida itakuwa si kitu. Mwenye gari atakuwa amefunga mzigo juu ya injini yake. Lakini ikizungushwa mara 1.3 kwa kila mzunguko mmoja wa krenki, kwa mfano puli ya krenki ikiwa na kipenyo cha sentimita 13 na ya supachaja 10, itatoa lita 0.8. Hewa itakuwa imezidi kwa theluthi moja, na geji iliyofungwa katika bomba la kuingizia hewa, gari likiwa pwani, itaonyesha paundi kama 5 juu ya kanieneo ya kawaida.

Pampu ya Toyota iitwayo SC12, iliyofungwa katika baadhi ya magari ya injini ya 1600 yaliyouzwa nchini Japani, ni kubwa zaidi. Husukuma lita 1.2 kwa mzunguko. Hiyo ikizungushwa sawasawa na krenki itashindilia paundi 10 au zaidi, na injini kongwe haitamaliza wiki. Haina budi izungushwe polepole kuliko krenki, puli yake iwe ya sentimita 15 na ya krenki 12. Ndiyo maana haifai kuuliza tu kama supachaja ni nzima. La kwanza ni kujua ujazo wake, na la pili ni kumpata mkerezaji wa vyuma atakayekereza puli kwa kipimo.

Paundi 5 ndizo mwisho wa tamaa kwa injini ambayo haikuimarishwa ndani. Wapo wanaokwenda zaidi, lakini hao wamekwisha kubadili pistoni, vichwa vya silinda na krenki, na habari zao hazimhusu mtu anayetaka gari la kwendea sokoni.

Hapa pafaa kutahadharisha juu ya kifaa kingine kinachouzwa kwa bei ya kuvutia, nacho ni kifeni cha umeme cha kuweka katika mdomo wa kabureta, kikipewa jina la supachaja. Kuizungusha supachaja ya kweli kwa kanieneo iliyotajwa hapo juu huhitaji nguvu za farasi kama 4, ambazo ni wati 3,000. Katika gari la volti 12 hiyo ni ampea 250. Dinamo ya Volkswagen hutoa ampea 30 hivi. Atakayefanya hesabu hiyo ndogo hatadanganyika.

KABURETA MBELE AU NYUMA?

Swali linalofuata ni mahali pa kabureta. Ikiwekwa baada ya supachaja, hewa iliyobanwa hupitishwa ndani ya kabureta, na hapo bakuli la petroli lazima libanwe kwa kanieneo hiyohiyo, na pampu ya petroli lazima iizidi. Pampu ya asili ya Volkswagen ni dhaifu, haiwezi kazi hiyo. Kabureta ikiwekwa kabla ya supachaja, huvuta hewa ya kawaida kama ilivyozoea, na linalohitajika ni jeti kubwa zaidi tu. Njia hii ya pili ndiyo ya gharama ndogo. Tena petroli inayogeuka kuwa mvuke ndani ya pampu hupunguza joto la hewa, jambo ambalo ni faida kubwa kwa injini isiyo na maji.

Lakini nayo ina ubaya wake. Pampu na bomba lote hujaa mchanganyiko wa petroli na hewa, ulio tayari kuwaka. Vali ya kuingizia isipofunga vizuri, au cheche ikitoka wakati usiofaa, moto hurudi nyuma na kulipuka ndani ya bomba. Kwa hiyo ni lazima bomba liwe na mlango wa usalama, yaani kibamba kilichozuiwa kwa springi, kitakachofunguka chenyewe na kuutoa mlipuko nje. Fundi asiyekijua kibamba hicho hafai kupewa kazi. Vilevile supachaja nyingi za Eaton na Toyota ziliundwa kupitisha hewa peke yake. Petroli ikipita humo huweza kuosha grisi ya beringi za nyuma. Hazifi mara moja, ila zinapaswa kusikilizwa, na zikianza kulia zibadilishwe kabla rota hazijagusana. Giaboksi ndogo ya mbele ya pampu ina oili yake, na aliyenunua pampu iliyolala dukani kwa muda mrefu aibadili oili hiyo kwanza.

JOTO, ADUI WA SIKU ZOTE

Nguvu ikiongezeka joto huongezeka, na hapa ndipo injini ya kupozwa kwa hewa inapotofautiana na nyingine zote. Injini yenye maji ina akiba; maji huchukua muda kuchemka, na dereva huona mshale ukipanda. Injini ya Volkswagen haina akiba hiyo. Ina feni inayosukuma zaidi ya lita 500 za hewa kwa sekunde injini ikienda mbio, ina mapezi katika silinda zake, na ina oili lita 2.5 tu, ambayo kazi yake ni kulainisha na kupoza kwa wakati mmoja. Hewa yenyewe ikibanwa na pampu hupata moto. Ikiingia na nyuzi 30 za Sentigredi hutoka na zaidi ya nyuzi 70, kabla haijapozwa na petroli.

Silinda ya tatu ndiyo mnyonge wa familia. Katika magari yaliyotengenezwa kabla ya 1971 rejeta ndogo ya oili ilisimama ndani ya ganda la feni, juu ya silinda hiyo, ikimnyima hewa baridi. Baadaye watengenezaji waliihamisha na kuipa njia yake. Mafundi wa zamani wanajua kwamba kichwa cha vali ya kutolea moshi kikikatika, mara nyingi ni katika silinda hiyo, na kipande chake hutoboa pistoni. Mwenye gari la zamani akitaka supachaja, fedha za kwanza azitumie kwa ganda la feni la namna mpya na rejeta yake.

Kisha yatazamwe mabati. Injini hiyo ilitoka kiwandani ikiwa imezungukwa na mabati na mpira unaoziba nafasi kati yake na bodi, ili hewa ya moto ya chini isipande juu na kuvutwa tena na feni. Katika magari mengi yaliyopita mikononi mwa mafundi watano au sita, mabati hayo hayapo tena. Yalitolewa siku moja kwa haraka na hayakurudishwa. Injini ya namna hiyo hupumua moshi wa joto lake yenyewe. Kuiongezea supachaja ni kumbebesha mgonjwa gunia.

Jambo jingine ni mkanda wa feni. Mkanda huo ndio unaozungusha dinamo na feni, na ukikatika injini haina cha kuipoza. Supachaja isizungushwe kwa mkanda huo kamwe. Iwe na puli yake na mkanda wake, na mlinganyo wa puli upimwe kwa rula ndefu ya chuma, kwa sababu mkanda unaokwenda upande hujikata wenyewe na ukikatika huweza kuuvuta na ule wa feni. Taa nyekundu ya dinamo ikiwaka, dereva asimamishe gari papo hapo. Sheria hiyo ni ya kila Volkswagen, lakini yenye supachaja haina hata kilometa moja ya msamaha.

Adui mwenyewe wa pistoni ni kule kugonga kwa injini, wakati petroli inapolipuka kabla ya zamu yake. Katika gari lenye injini mbele dereva husikia mlio kama wa kokoto ndani ya kopo. Katika Volkswagen injini iko nyuma na kelele za feni ni nyingi, kwa hiyo hasikii kitu mpaka pistoni imetoboka. Kinga yake ni majira ya cheche. Kama injini ilikuwa ikipewa cheche nyuzi 30 kabla ya pistoni kufika juu, desturi ya mafundi ni kupunguza kama nyuzi moja kwa kila paundi moja ya kanieneo iliyoongezwa. Kwa paundi 5 zibaki 25. Plagi ziwe za aina ya baridi zaidi na mwanya wake ubanwe kidogo. Petroli iwe yenye oktani ya juu kabisa inayopatikana. Baada ya safari ya kwanza ndefu plagi zifunguliwe na kutazamwa kwa kioo cha kukuzia. Vitone vya kung'aa juu ya kauri nyeupe ni vumbi la pistoni yenyewe, na gari lisiwashwe tena mpaka cheche na jeti zirekebishwe.

MLIMANI NA PWANI

Yapo mambo ambayo vitabu vya Ulaya havisisitizi, kwa kuwa wasomaji wake hawashuki kutoka meta 1,700 hadi baharini kwa safari ya siku moja. Supachaja huzidisha hewa inayoikuta. Ile iliyopangwa kuongeza theluthi moja, huko Mbeya huikuta hewa ya paundi 12 na kuifanya 16. Hiyo ni zaidi kidogo ya hewa ya kawaida ya pwani, na ukiondoa joto lake na nguvu inayoliwa na mkanda, gari hurudi kuwa kama lilivyokuwa lilipotoka kiwandani. Vyuma havioni mzigo ambao havikuumbiwa. Kwa mtu wa nyanda za juu, basi, supachaja ndogo ni dawa yenye mantiki. Humrudishia alichonyang'anywa na mlima.

Gari hilohilo likishuka hadi Dar es Salaam hukuta hewa ya paundi 14.7, na pampu ileile kwa puli ileile huifanya karibu 20. Mzigo juu ya pistoni umepanda kwa zaidi ya sehemu moja ya tano, hewa ya nje ni ya moto, na cheche bado iko pale ilipowekwa kwa hali ya mlimani. Injini iliyokuwa ikienda salama kwa mwaka mzima huweza kufa katika tambarare, siku ya safari ya harusi. Kwa sababu hiyo majira ya cheche na ukubwa wa jeti vipimwe kwa kufikiria mahali pa chini kabisa ambapo gari litafika, hata kama litafika huko mara moja kwa mwaka. Nguvu kidogo itapotea mlimani, lakini mwenye gari ataipata bei yake.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Injini iliyochoka haifufuliwi kwa supachaja. Kabla ya yote silinda zote nne zipimwe mgandamizo, na zikaribiane. Anayepima nyanda za juu akumbuke kwamba geji yake itasoma chini kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko kitabu kinavyosema, naye asiitupe injini nzima kwa kutojua. Kisha fundi aishike puli ya krenki kwa mikono miwili, asukume na kuvuta. Krenki ikicheza mbele na nyuma zaidi ya milimeta 0.15, gamba la injini, ambalo ni la madini mepesi ya magnesi, limekwisha kulika, na kazi iliyo mbele ni ya kulikarabati. Zitazamwe pia bolti ndefu zinazoshikilia vichwa vya silinda. Katika magnesi nyuzi zake hung'oka kwa joto, na supachaja itazing'oa upesi zaidi. Zipo bushi za chuma za kuzitia nyuzi mpya, nazo ni za bei nafuu.

Zipo pia dawa ndogo za kujaribu kwanza. Kabureta iliyopangwa kwa pwani humwaga petroli nyingi mno mlimani, kwa sababu hewa imepungua na petroli haikupungua. Jeti ndogo zaidi hurudisha sehemu ya nguvu na kuokoa mafuta kwa bei isiyofika hata ya mkanda. Vali zinazopaswa kuwa na mwanya wa milimeta 0.15 mara nyingi hukutwa zimebana. Breki nyingi nyuma hukutwa zimeshika kidogo, gari likivuta mzigo usioonekana. Mwanachama atakayerekebisha haya matatu pengine ataona hana tena haja na pampu. Na kama bado anaitaka, breki zitazamwe mara ya pili, maana gari litakalopanda upesi litashuka upesi pia.

Kuhusu gharama, kosa la kawaida ni kudhani kwamba bei ya supachaja ndiyo bei ya kazi. Pampu iliyotumika huwa ndiyo kitu cha rahisi katika orodha. Kigango cha chuma kinene cha kuifungia, kilichochomelewa bila kupinda, puli mbili za kukereza, mabomba, jeti, mkanda, geji ya kanieneo, kipimajoto cha oili na kile cha kichwa cha silinda, vyote hivyo kwa pamoja huipita bei ya pampu. Wengi wakifika hapo huacha vipimajoto, navyo ndivyo visivyoachika. Oili ikipita nyuzi 110 kwa muda, au kichwa cha silinda kikipita nyuzi 200, dereva apunguze mwendo. Bila geji hatajua. Matokeo ya kazi iliyofanywa vizuri pwani ni kwamba nguvu za farasi 50 huwa 60 hivi. Anayeahidi 100 anauza maneno.

Kwa gari ambalo ni mali ya chama, mashauri hayawezi kuishia kwa dereva na fundi. Badiliko la injini laweza kuwa sababu ya kampuni ya bima kukataa madai, kwa hiyo kampuni ijulishwe kwa barua na jibu lake liwekwe katika jalada kabla ya bolti ya kwanza kufunguliwa. Halmashauri ipewe makisio kamili, pamoja na bei ya kufufua injini kwa njia ya kawaida ili ilinganishe, na uamuzi uandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Oili, ambayo katika gari la kawaida hubadilishwa kila kilometa 5,000, ibadilishwe mapema zaidi, na tarehe iandikwe katika kitabu cha gari. Kabureta ya asili, bomba lake na puli ya zamani visiuzwe wala kuachiwa fundi kama sehemu ya malipo. Vipakwe oili, vifungwe katika gunia na kuwekwa stoo kwa jina la gari, kwa kuwa siku pampu itakapogoma gari litahitaji kurudi nyumbani kwa pumzi yake la kwanza.